Anayeanzia Nyuma ya Bomba

Kabla ya kugusa maji, mzee mwosha piki alichuchumaa akasikiliza. Piki iliyotoka Beni ikifikishwa ukingoni mwa mto Kimemi, moteri huwa bado inatoa mlio mdogo, tik, tik, chuma kikipoa. Mzee alingoja mlio huo uishe. Siku moja kijana alimhimiza, "Papa, niko na haraka." Akajibiwa bila kutazamwa, "Na moteri, nayo iko na haraka?" Tuliokaa kwenye mawe tukacheka. Kijana akanunua ndizi, akaketi.

Nilidhani anaogopa tu maji baridi ya Butembo yasije yakapasua chuma cha moto. Kumbe muda ule alikuwa anasoma. Kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita 54 hivi, na njia nzima huwa imejiandika kwenye piki: juu vumbi jekundu la mjini kwetu, chini yake tope la mteremko wa Kabasha lililokauka likawa tofali, na chini zaidi, kwa waliotoka mbali, tope jeusi la Mangina lenye majani yaliyooza. "Ulilala Mangina," aliwahi kumwambia motari mmoja, "na ulibeba kakao mbichi." Motari akamtazama kama mtu aliyepigiwa ramli.

Kakao ndiyo iliyoonyesha ufundi wake. Gunia la kakao mbichi hudondosha maji matamu yanayonata. Yakifika kwenye bomba la moshi yanaungua, yanaganda, yanakuwa gamba jeusi ambalo sabuni hailing'oi na brosi inateleza juu yake. Wengine hukwangua kwa kisu, wakaiachia kutu mikwaruzo ya kuingilia. Yeye alianzia hapo hapo, nyuma ya bomba, upande wa ndani ambao abiria hauoni wala polisi wa barabarani hauulizi. Alifunga kitambaa chenye maji ya moto, kama mtu anayekanda mguu ulioteguka, akakiacha, akashika kazi nyingine. Akirudi, gamba limelainika. Harufu ya sukari iliyoungua ilipanda, na kwa kitambo kidogo ukingo mzima ukanukia kama jikoni penye sherehe. Ndipo alipochukua jani la msasa, lile la mti wenyewe, si karatasi ya dukani iliyoazima jina lake, akasugua taratibu, kwa mviringo, akipuliza kila mara aone.

Keria iliyolowa mawese ilikuwa na dawa yake: jivu la maganda ya ndizi. Bibi zetu walipika sabuni kwa mawese na jivu; yeye hakupika, aliiacha sabuni ijitengeneze juu ya chuma. Cheni ilipata mazuti kidogo na mswaki mkuukuu. Mengine nayapita. Kila motari anayajua, au alipaswa kuyajua.

Tangu Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa, ndoo za maji ya klorini zilisimama kila penye kizuizi, na wenye hofu walinyunyizia hata piki zao. Klorini ikaanza kula spoki. Mzee alizisuuza mara mbili, mara tatu, akazikausha, akazipaka oili, bei ile ile. Watu walikuwa wameacha kupeana mikono. Ugonjwa ulitangazwa kwisha Juni 2020. Kutu ya piki ambazo hazikupita kwake ilibaki.

Siku hizi kuna mashine za presha. Dakika tano, umemaliza. Sina ugomvi na mashine. Barabara zetu zimejaa hofu, anayetoka Mangina anataka kuingia nyumbani jua halijazama, nani atangoja chuma kipoe? Ila maji yale yanalazimishwa mpaka ndani ya beringi, grisi inafukuzwa, na mtoto aliyeshika mpira anatazama simu yake. Wateja wa mzee walipungua mmoja mmoja. Sasa jiwe lake, lenye vishimo viwili vilivyochimbwa na stendi za piki, watu wanaanikia nguo.

Mwezi uliopita nami nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimembebea shemeji yangu kakao kutoka Mangina, na kesho yake nilitakiwa kurudi Beni na wageni wawili. Nikapeleka piki kwenye mashine. Ilitoka inameta, hata nikasimama kidogo kuitazama.

Sijafika Maboya, cheni ikaanza kulia kwa ukavu. Nikasimama chini ya migomba, nikazima, nikachuchumaa. Tik, tik. Mlio ulipokwisha nilipitisha kidole nyuma ya bomba, upande wa ndani. Gamba lilikuwa pale pale, zima. Nikalikwaruza kwa ukucha, nikanusa: bado sukari.