Kirikuu ya Mzigo: Kuitambua Iliyo Nzima, na Kuichagulia Mafuta, Gesi au Umeme

Anayetafuta kirikuu Tegeta au Mbagala siku hizi huanza na swali la nishati: nichukue ya mafuta, nifunge gesi, au nisubiri ya umeme? Mimi naanzia uvunguni mwa gari. Mfumo wa gesi unaweza kufungwa leo na kufunguliwa mwezi ujao, lakini chasisi iliyoliwa na kutu hakuna fundi wa Gerezani atakayeirudisha ilivyokuwa. Na kwenye gesi, ambako wengi wamekimbilia, kinachotenganisha gari jema na gari la hatari ni mkono wa fundi aliyeifunga. Mkono huo unaonekana kwa macho, ukijua pa kuangalia.

Gari lenyewe kwanza. Suzuki Carry, Daihatsu Hijet na ndugu zao hutengenezwa kwa mipaka ya sheria ya Japani: urefu usiozidi mita 3.4, upana usiozidi mita 1.48, injini isiyozidi cc 660 tangu mwaka 1990, na mzigo wa kilo 350. Kilo 350 ni mifuko saba ya saruji. Anayepakia mifuko kumi na tano kutoka Boko kwenda saiti ya Madale anazidisha mara mbili, na deni hilo hulipwa na springi za nyuma, breki na klachi. Kwa hiyo kirikuu iliyofanya kazi hapa Dar miaka miwili inaweza kuwa imechoka kuliko iliyoteremka bandarini ikiwa na miaka kumi na tano. Mwaka wa kutengenezwa usikutishe peke yake.

Kinachotisha ni kutu. Mikoa ya baridi ya Japani, Hokkaido hasa, humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na magari mengi ya aina hii yamefanya kazi mashambani na kwenye bandari za uvuvi. Yakifika kwetu yanakutana na upepo wa bahari. Chukua bisibisi nzito, lala chini, ugonge chasisi polepole ukianzia kwenye vishikio vya springi za nyuma. Chuma kizima kinajibu kwa mlio mkavu, kilichooza kinanyamaza au kinamomonyoka. Ukikuta rangi nyeusi nzito imepuliziwa juzijuzi mpaka kwenye boliti na mabomba ya breki, mwambie muuzaji, “Kaka, naomba nikwangue kidogo hapa,” na uangalie uso wake. Kisha inua zulia la mpira kabini, upande wa miguu ya dereva, na uchungulie chini ya betri.

Kwenye Carry ya DA63T, ambayo ndiyo imejaa mjini, injini ni K6A ya silinda tatu, inayotumia cheni na si mkanda. Cheni hiyo huishi kwa oili safi. Fika asubuhi kabla gari halijawashwa: ikiwaka ikiwa baridi na kukereza kwa sekunde kadhaa kama sufuria lenye misumari, cheni na kikaza chake vimechoka. Halafu fungua rejeta. Huku Temeke na Kigamboni visima vingi vina maji ya chumvi, na madereva huyajaza hayohayo. Injini yote ni ya aluminiamu na haivumilii. Maji yenye rangi ya chai yanakuambia kwamba gari limewahi kuchemsha, au linajiandaa kuchemsha. Sharti langu kwa dereva yeyote ni kipozeo cha rejeta cha dukani, hata kama bei yake inamkera.

Gari likipita hapo ndipo mazungumzo ya gesi yana maana. Gesi hii ni methani iliyoshindiliwa, inayotoka Songo Songo, Kilwa, ambako uzalishaji ulianza mwaka 2004, na Mnazi Bay, Mtwara, kwa bomba kubwa lililokamilika 2015. Haihusiani na gesi ya jikoni. Ya jikoni hukaa kwenye mtungi kwa shinikizo dogo lisilofika bar kumi, na ikivuja hutuama chini. Methani hujazwa kwa bar 200 na ikivuja hupanda juu. Mtungi wa kupikia uliofungwa kwenye gari la gesi ni bomu. Ukiuona, ondoka bila kujadili bei.

Sasa soma mtungi. Shingoni mwa mtungi wa chuma kuna maandishi yaliyogongwa: namba yake, ujazo kwa lita, shinikizo la kazi la bar 200, la majaribio bar 300, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na kiwango, ISO 11439 au ECE R110. Maandishi yaliyosagwa au kufunikwa kwa rangi nzito ni sababu tosha ya kuukataa. Mtungi una ukomo wa maisha, kwa kawaida miaka 15 hadi 20, na kati yake unatakiwa kupimwa upya kila baada ya miaka michache. Wauzaji wengi hawalitaji hilo, nawe usilisahau.

Ukubwa wa mtungi ni suala ambalo watu hukosea kwa tamaa. Wa lita 60 hubeba takriban kilo kumi za gesi, na wenyewe mtupu una uzito unaokaribia kilo 60. Umeshakula sehemu ya sita ya mzigo halali kabla hujapakia tenga moja la nyanya. Tena hauna pa kukaa chini. Hulazwa nyuma ya kabini, ndani ya bodi, na ukiweka na fremu yake unachukua karibu sentimita 40. Bodi ya Carry ina urefu wa mita 1.9 na ushee, ndiyo maana godoro la futi sita huingia likalala vizuri. Ukifunga mtungi mkubwa, godoro linasimama, kabati linasimama, na mteja anayehama kutoka Mwananyamala kwenda Bunju anaita gari lingine. Kwa kazi za mjini napendelea mtungi wa lita 30 au 40, hata kama utajaza mara nyingi zaidi.

Kazi ya fundi inaanza kuonekana kwenye bomba la chuma linalotoka mtungini kwenda mbele. Fundi mzuri hulikunja kwa kifaa cha kukunjia: kona zake ni mviringo, hazina mkunjo uliobonyea. Karibu na kila kiungo huacha mzunguko mmoja au miwili, ili mtikisiko wa barabara ya vumbi ya Chamazi uishie hapo badala ya kung’oa nati. Bomba limeshikwa na klipu kila baada ya hatua fupi, limepita mbali na ekzosi, na pale linapotoboa bati limevishwa mpira. Ukiona bomba linaning’inia, au limefungwa kwa waya wa kufungia nondo, huhitaji kuangalia kitu kingine.

Inua viti, kwani injini iko chini yake. Hapo utakikuta kipunguza shinikizo, ambacho mafundi hukiita rejuleta. Gesi inaposhuka kutoka bar 200 hupoa sana, kiasi cha kugandisha, ndiyo sababu kifaa hiki lazima kipitishiwe maji ya moto ya rejeta. Mipira yake miwili ya maji iwe imebanwa kwa klipu za chuma. Kisha angalia nozeli za gesi: mirija inayokwenda kwenye silinda tatu iwe na urefu sawa, na matundu yaliyotobolewa kwenye njia ya hewa yawe karibu na nozeli za petroli, yote kwa mwelekeo mmoja. Fundi mwangalifu huivua njia ya hewa na kuitobolea mezani, chembe za chuma zisidondokee ndani ya injini. Muulize alitobolea wapi. Anayejua kazi atajibu bila kusita, na mara nyingi atafurahi kuulizwa.

Wayaringi nayo ina lugha yake. Nyaya zilizounganishwa kwa risasi na kufunikwa vizuri zitadumu. Zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa selotepu nyeusi zitakusumbua masika ya kwanza. Halafu omba jagi la maji na sabuni ya unga, upake kila kiungo mtungi ukiwa umejaa. Povu likipanda, kazi haijakwisha.

Mwisho ni kuendesha. Mfumo ulio sawa huwaka kwa petroli, injini ikipata joto hujibadilisha wenyewe kwenda gesi, na hupaswi kuhisi mshtuko. Pakia mzigo halisi, panda Goba au Makongo Juu. Gesi inachukua nafasi ya hewa ndani ya silinda, kwa hiyo nguvu hupungua, kiasi cha moja ya kumi, na kwenye cc 660 utaihisi. Kupungua hivyo ni kawaida. Kukwama, kupiga misi au kuzima unapobadilisha gia ni kazi mbovu au kompyuta ya gesi isiyopangwa. Na angalia geji ya petroli. Madereva wengi wa hesabu huacha tenki likauke kwa sababu “tunatumia gesi”. Pampu ya petroli hupozwa na petroli yenyewe, ikibaki kavu inaungua. Robo tenki iwepo muda wote. Gari linalouzwa likiwa na tenki tupu, mimi huhesabu bei ya pampu kabla ya kutaja bei yangu.

Nije kwenye hesabu, maana ndiyo inayowavuta watu. Chukua kirikuu inayotembea kilomita 60 kwa siku ikiwa na mzigo, kilomita 12 kwa lita. Ni lita tano, na petroli ikiwa kwenye shilingi 3,000 ni 15,000. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya karibu lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo unahitaji kilo tatu na nusu hivi. Kwa bei iliyozoeleka Dar ya shilingi 1,550 kwa kilo, haifiki 5,500. Unaokoa zaidi ya 9,000 kila siku, na hata gharama ya kufunga ikifika milioni mbili inarudi ndani ya mwaka.

Lakini weka foleni kwenye hesabu hiyo. Miongoni mwa vituo ni Ubungo Maziwa, Tazara, barabara ya uwanja wa ndege, na tangu 2025 kituo mama cha TPDC barabara ya Sam Nujoma. Kwa aliye Chamazi, Tazara kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 30, na akifika anaweza kukaa saa mbili nyuma ya bajaji na magari madogo. Safari moja ya shilingi 15,000 ikimpita akiwa foleni, faida ya siku imekwisha na mtaji umeliwa. Kwa dereva ambaye mizigo yake humpitisha Ubungo au Tazara kila siku, wa Mabibo, Kariakoo au Ilala, gesi ni chaguo langu la kwanza bila kusita. Kwa anayezunguka Mbande, Chamazi na Kongowe tu, petroli na injini iliyotunzwa bado inamfaa zaidi, mpaka kituo kimsogelee.

Anayezunguka hivyo, umeme ungemfaa kuliko nishati zote. Mitsubishi walitoa kirikuu ya umeme, Minicab MiEV ya bodi wazi, mwaka 2013: betri ya kilowati-saa 10.5, kilomita 110 kwa vipimo vya Japani, nguvu ya kuzungusha ya Nm 196 ambayo ni kama mara tatu ya Carry ya petroli, na mzigo uleule wa kilo 350. Mchangani na mlimani inavuta bila kupayuka. Kwa kazi halisi usitegemee zaidi ya kilomita 70 au 80. Uniti ya TANESCO kwa mtumiaji wa kawaida ni shilingi 292, ukiweka VAT na tozo inakaribia 360, kwa hiyo siku nzima ya kazi haifiki 5,000 kwa Luku ya nyumbani, ukichaji usiku usingizini. Tangu mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, ya megawati 2,115, ikamilike 2025, hoja kwamba nchi haina umeme wa kuchaji imepungua nguvu.

Ugumu uko kwenye kuinunua ikiwa imetumika. Hapo betri ndiyo gari, na kilomita za dashibodi hazikuambii kitu. Dai ipimwe kwa kompyuta ili ujue uwezo uliobaki, kisha ichajiwe ijae na uiendeshe na mzigo mpaka ishuke nusu, ukiandika kilomita. Fika chini uone kama sanduku la betri lina michubuko au alama ya maji. Gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko ya Jangwani halipaswi kuwa la umeme. Na kabla ya kulipa, mtafute fundi aliye tayari kulifungua, maana gereji nyingi za Tandika bado hazigusi. Guta za umeme za magurudumu matatu ni rahisi kupata, ila zenye betri za asidi huchoka mapema zikibebeshwa mizigo mizito kila siku. Ukizipata zenye betri za lithiamu, zipime kwa njia hiyohiyo.

Haibridi, yenye injini na mota pamoja, ni habari ya mifuko mikubwa: Toyota wameiweka kwenye Hilux tangu 2024 kwa mfumo mdogo wa volti 48, na BYD walizindua Shark huko Mexico mwaka huohuo. Kwenye daraja la kirikuu, gari letu la nishati mbili ni hilihili la petroli na gesi, na swichi yake ndogo kando ya usukani ndiyo kitu cha kwanza ninachobonyeza nikiketi kwenye kiti cha dereva. Nabadilisha mara tatu nne likiwa linatembea, redio imezimwa, dirisha wazi, nikisikiliza kama injini inabadilisha sauti.