Mtoto Aliyepata 35

Karatasi ya andalio la somo mzazi haioni kamwe, na walimu wengi walioko kazini huitaja kwa mguno. Juu kabisa kuna tarehe, darasa, kipindi na muda, kisha kisanduku cha idadi ya wanafunzi: walioandikishwa na waliohudhuria, wasichana na wavulana. Chini yake kuna umahiri, lengo mahsusi, zana na rejea. Halafu linakuja jedwali la hatua za somo, kuanzia utangulizi. Kila hatua ina dakika zake, upande mmoja kazi ya mwalimu, upande wa pili kazi ya mwanafunzi. Mwanachuo wa ualimu nchini Tanzania huandika karatasi hizi mpaka kidole kiote sugu. Nimezisoma nyingi, na kila nikisoma heshima yangu kwa wakufunzi wanaozisahihisha inaongezeka.

Anza na mstari wa lengo. Mwanachuo mgeni huandika kwamba mwisho wa kipindi mwanafunzi ataelewa kutoa namba za tarakimu mbili. Kalamu nyekundu inapita hapo mara moja. Utaonaje kwamba ameelewa? Andika jambo ambalo wewe uliyesimama mbele utaliona kwa macho: akokotoe, apange, ataje, abainishe. Wapo wanaoliona hili kuwa urasimu wa chuo. Mimi naliona kuwa ndilo fundisho la kwanza la unyenyekevu katika kazi hii, kwa sababu linamkataza mwalimu kujipa sifa kwa jambo asiloweza kulithibitisha.

Kisha njoo kwenye jedwali. Upande wa mwalimu hujazwa upesi: kueleza, kuonyesha, kuuliza. Upande wa mwanafunzi unaandikwa "kusikiliza" kuanzia juu hadi chini. Mkufunzi mzuri husoma upande huu kwanza. "Mwalimu," humwambia, maana chuoni mwanachuo huitwa mwalimu tangu wiki za mwanzo, hata kama ana miaka kumi na tisa, "hawa watoto wako watasikiliza dakika arobaini nzima? Mikono yao itakuwa inafanya nini?" Kwa darasa la kwanza na la pili kipindi ni dakika thelathini, lakini dakika thelathini za mtoto wa miaka sita aliyebanana na wenzake watatu kwenye dawati moja ni safari ndefu. Karatasi inarudishwa, inaandikwa upya. Mara ya tatu au ya nne, upande ule wa pili unaanza kuwa na watoto ndani yake: wanahesabu vizibo, wanapanga kadi, wanasomeana wawili wawili.

Kazi ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, iko darasa la kwanza. Tangu mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulipoanza kutumika mwaka 2015, herufi zinafundishwa kwa sauti zake. Kulisema hilo ni rahisi. Mtu mzima anayesoma gazeti hasikii tena herufi. Jicho lake limekwisha kumeza neno zima. Mwanachuo analazimika kurudi nyuma hadi mahali ambapo kusoma bado hakujajengeka, na njia ya kurudi ameisahau. Sauti ya m inampa nafuu, kwani unafumba midomo na kuivuta. Sauti ya b ndiyo inayomtesa. Akiisema "bu", kama wengi wanavyofanya bila kujijua, mtoto mtiifu ataunganisha alichosikia: bu na a, akapata "bua" badala ya "ba". Kosa si la mtoto. Nimemwona mkufunzi mama mmoja akimrudisha kijana kwenye sauti hiyo moja, tena na tena, kiganja cha kijana kikiwa mbele ya mdomo wake mwenyewe ili aihisi pumzi inavyokatika kabla irabu haijafuata. Darasa zima la wanachuo lilikaa kimya likimsikiliza mtu mzima akijifunza kusema b. Hakuna aliyecheka. Walijua zamu yao inakuja.

Na hapo bado hawajafika kwenye mb, nd, ny na ng'. Bado pia hawajafika kwenye mtoto ambaye nyumbani hazungumzi Kiswahili, ambaye lugha ya mama yake haitofautishi l na r, naye anaandika "kura" akimaanisha "kula" kwa sababu ndivyo masikio yake yanavyopokea. Mwanachuo anayejiandaa vizuri huulizia lugha ya kijiji kabla ya kuandika andalio.

Zana nitazipitia kwa haraka, ingawa uzuri wake unastahili maonyesho. Mfuko wa salfeti unapasuliwa, unafuliwa na kunyooshwa, kisha unachorwa kwa kalamu rashasha na kuwa chati itakayodumu miaka. Maboksi yanakatwa kadi za silabi. Magunzi, kokoto na vizibo vya soda vinakuwa vihesabio. Bajeti ya shule nyingi haifiki huko, kwa hiyo mikono ya mwalimu ndiyo inayofika.

Ubaoni pia kuna ufundi ambao asiyeusomea hauoni. Ubao unagawanywa sehemu, na mwandiko unakuwa wa chapa, mkubwa, ulionyooka, unaosomeka kutoka dawati la mwisho. Mwalimu husimama kiupande ili asiwape watoto mgongo. Na kuna namna ya kuuliza swali. Anayeanza hutaja jina kwanza, kisha swali, na papo hapo watoto wengine wote wanapumzika kwa kuwa wameshajua si wao. Chuoni anafundishwa kuuliza kwanza, kusubiri, ndipo ataje jina. Huko kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alipima ukimya huo madarasani na kukuta walimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mwingine au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi walijitokeza. Sekunde tatu ni kidogo, lakini simama mbele ya watoto themanini wanaokukodolea macho uone zilivyo ndefu.

Haya yote wanachuo huyajaribu kwanza kwa wenzao. Mmoja anafundisha, waliobaki wanajifanya darasa la pili, na hakuna darasa la pili katili kuliko hilo. Baadaye huenda kwenye shule ya mazoezi, kwa maana vyuo kadhaa vina shule ya msingi jirani kwa kazi hiyo hasa. Halafu ndiyo mafunzo ya kufundisha kwa vitendo, ambayo kila mtu anayaita BTP: majuma kadhaa katika shule halisi, na ofisi ya walimu halisi, na watoto wanaosimama kwa pamoja na kusema "Shikamoo mwalimu" kwa sauti inayotikisa bati.

Katika kipindi kimoja cha namna hiyo, darasa la tatu, binti mmoja alifundisha kutoa kwa kuchukua. Maelezo yake yalikuwa sahihi na ubao ulikuwa safi. Akauliza, "Tumeelewa?" na darasa likaitika "Ndiyooo mwalimu!" kama linavyoitikia kila siku. Akaandika zoezi, 42 toa 17, akapita dawati kwa dawati akisahihisha. Mvulana mmoja alikuwa amepata 35. Akamwekea mkasi, akamwandikia 25 pembeni, akaendelea mbele. Kwenye kiti cha nyuma mkufunzi aliandika kitu kwenye fomu yake.

Kengele ilipogonga mkufunzi alimwomba yule mtoto daftari, akaketi na binti kwenye ngazi za darasa.

"Mwalimu, huyu alifanya nini?"

"Alikosea."

"Kukosea nimeona. Alifanya nini?"

Binti aliitazama 35 kwa muda mrefu. Kisha uso wake ukabadilika. Saba toa mbili, tano. Nne toa moja, tatu. Mtoto hakubahatisha, wala hakushindwa kutoa. Alitoa vizuri kabisa, ndogo kwenye kubwa, popote ndogo ilipokuwa imesimama. Alikuwa na kanuni. Na kanuni hiyo aliipata wapi? Pengine kwa mwalimu wake wa awali aliyemwambia, kwa nia njema na kwa usahihi wa siku ile, kwamba namba kubwa haitoki kwenye ndogo. Mkufunzi hakusema zaidi ya kumtaka akusanye madaftari yote na kutafuta 35 nyingine. Zilikuwepo. Wale waliokuwa wameitika kwa sauti kubwa walikuwamo.

Jioni ile andalio liliandikwa upya. Kesho yake binti aliingia na vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa kamba za mgomba. Mafungu manne na vijiti viwili, hiyo ni 42. Akamwita yule mvulana mbele, bila kutaja kosa lake, akamwomba atoe saba. Viwili havitoshi. Mtoto alishika vile vijiti viwili, akatazama mafungu, akamtazama mwalimu. Mwalimu alisubiri. Na hapo, kwa hiari yake, mtoto akafungua kamba ya fungu moja. Vijiti kumi vikamwagika mezani, vikawa kumi na viwili. Yaliyofuata yalikuwa mepesi: saba vikatoka, vikabaki vitano, fungu moja likatoka kati ya matatu, yakabaki mawili. Kisha binti akamwambia achukue jibu lake la jana, 35, alijumlishie 17 aone kama anarudi kwenye 42. Alipata 52. Alikunja uso peke yake, hakuna aliyemwekea mkasi.

Kufundisha ninakokustahi ni huku. Kujua kwamba 42 toa 17 ni 25 hakumfanyi mtu kuwa mwalimu. Muuza nyanya anajua, na kondakta anajua kwa haraka zaidi. Ualimu uko katika kuijua 35: inatoka wapi, inafuata njia gani kichwani mwa mtoto, na ni kijiti kipi kitakachomfanya aiache mwenyewe. Mwaka 1986 Lee Shulman, msomi wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba maarifa haya yana uzito wake peke yake, mbali na kulijua somo na mbali na mbinu za jumla za kufundisha. Wakufunzi wetu wengi hawakuhitaji kumsoma ili walijue hilo, lakini inanifurahisha kwamba limeandikwa, maana bado wapo watu wenye shahada wanaodhani yeyote aliyefaulu hesabu anaweza kuzifundisha.

Nchi hii imejaribu njia nyingi za kuwapata walimu wenye maarifa hayo. Chuo cha ualimu cha Mpwapwa kimekuwa kikilea walimu tangu enzi ya mkoloni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, vyuo havikutosha. Makumi ya maelfu ya vijana, wengi wakiwa wamemaliza darasa la saba tu, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta na redio, huku wakishika chaki kila siku chini ya uangalizi wa waratibu wa elimu wa kata. Walitaniwa sana, na kizazi kizima kilijua kusoma kwa sababu yao. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002 na watoto wakafurika, mafunzo ya cheti yaligawanywa: mwaka mmoja chuoni, mwaka mmoja shuleni. Kuna Butimba iliyojenga jina kwa sanaa na muziki, na Patandi, Arusha, ambako mwalimu wa elimu maalumu anajifunza nukta nundu na lugha ya alama. Sasa mkondo unaelekea stashahada, na ni vizuri. Lakini katika mipango yote hiyo naona jambo moja halibadiliki: anayeanza hujifunza pale tu anapokuwepo mtu mzoefu wa kumwona akifundisha na kumuuliza mtoto alifanya nini.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu walioko shuleni. Mkufunzi ana wanachuo wengi, shule zimetawanyika, na atafika kwa mwanachuo wako mara chache. Wewe upo kila siku. Mwaka huu wanachuo wa BTP watakapopangwa shuleni kwako, usimkabidhi kijana chaki na daftari la mahudhurio kisha ukaona umepata likizo, ukaenda zako shambani au kwenye shughuli za kikundi. Najua umechoka, na najua una watoto mia darasani na madaftari yasiyokwisha. Hata hivyo keti kiti cha nyuma angalau kipindi kimoja kwa siku. Usimkatize mbele ya watoto. Kipindi kikiisha chukueni madaftari mkae pamoja, mtafute lile lenye jibu la ajabu kuliko yote, na umuulize swali ambalo bila shaka kuna mtu aliwahi kukuuliza wewe. Nanyi walimu wakuu, mkipanga ratiba ya majuma hayo, wawekeeni walimu wenu nafasi ya kufanya hivyo, iandikwe kwenye ratiba kama kipindi kingine chochote.