Mikia ya Zapfino

Mkono wa binadamu haurudii umbo lilelile. Mtu akiandika "baba" kwa kalamu, b ya pili haitakuwa pacha wa ile ya kwanza. Fonti ya kawaida ina b moja tu, na ndiyo maana fonti nyingi za mwandiko hugundulika mara moja kuwa ni za mashine. Zapfino ni miongoni mwa chache zilizolishika tatizo hili kwenye mzizi wake.

Mwandiko wenyewe ulizaliwa mwaka 1944, katika daftari la Hermann Zapf, Mjerumani aliyekuwa askari mchora ramani na ambaye baadaye alibuni fonti za Palatino na Optima. Baada ya vita alijaribu kupata mwandiko wa namna hiyo katika chapa ya madini ya risasi, kwa kiwanda cha herufi cha Stempel cha Frankfurt. Fonti iliyotoka, Virtuosa, ilibanwa na madini. Kila herufi ya risasi hukaa juu ya kipande cha mstatili. Mkia ukitokeza nje ya kipande hicho, ni rahisi kuvunjika. Basi mikia ikafupishwa.

Mwaka 1993 Mmarekani David Siegel alimwandikia Zapf na wazo la fonti ambayo kila herufi ingekuwa na sura kadhaa, na programu ndiyo ingechagua. Gino Lee akashughulikia upande wa kompyuta. Siegel alijitoa njiani, lakini Zapf aliipeleka kazi hiyo kwa kampuni ya fonti ya Linotype, nayo ikatolewa mwaka 1998 ikiwa na alfabeti nne pamoja na mapambo.

Ufundi ulikamilika kampuni ya Apple ilipoiweka katika mfumo wake wa kompyuta, Mac OS X, ikiwa na maumbo zaidi ya 1,400. Ndani ya faili mna kanuni zinazotazama majirani wa kila herufi: mkia utagongana na herufi inayofuata? Basi lichukuliwe umbo jingine. Herufi fulani zikikutana huungana kuwa mchoro mmoja, na ukiandika neno "Zapfino" lote hugeuka umbo moja. Huu ni uhandisi wa kupendeza kabisa, kwa sababu msomaji anaona wino tu.

Urembo huo unadai nafasi. Mikia hupanda na kushuka mbali sana, kwa hiyo mistari ikibanana huvurugana. Ukiandika neno zima kwa herufi kubwa, madoido hupigana na neno halisomeki. Kwenye kadi ya harusi, inafaa majina ya maharusi. Ukumbi, saa na namba za simu ziachiwe fonti tulivu. Kwa kazi ambazo mistari yake myembamba ingepotea, Zapf na Akira Kobayashi waliongeza umbo nene, Forte, katika toleo la Zapfino Extra la mwaka 2003.