Vijidudu, Vijiumbe na Maradhi ya Mapafu: Istilahi Isitangulie Kuhukumu

Miongoni mwa kazi zilizoletwa mezani petu kwa uhakiki ilikuwamo tafsiri ya makala ya afya inayoeleza uhusiano baina ya vijiumbe waishio utumboni na mapafuni, na yale maradhi ya mapafu ambayo humwandama mtu maisha yake yote. Mfasiri wake ni hodari na Kiswahili chake ni fasaha. Hata hivyo, katika ukurasa wa kwanza tu tulikutana na sentensi iliyotusimamisha: "Vijidudu vya maradhi vilivyomo utumboni humkinga mtu na maradhi." Msomaji makini atauliza: ikiwa ni vya maradhi, vipi tena viwe kinga? Kosa hilo si la sarufi wala si la elimu ya tiba. Ni kosa la istilahi, na lawama yake haimhusu mfasiri peke yake.

Tangu tulipoanza kufundisha elimu ya afya tumeizoea lugha ya vita. "Kijidudu" hutokana na mdudu, na mdudu kwa watu wengi ni kitu cha kupondwa. Hata uvimbe wa usaha kwenye ncha ya kidole tumeuita mdudu. "Kiini cha maradhi" chajieleza chenyewe. "Kijasumu" kimebeba sumu tumboni mwake, na kutokana nacho tumepata "viuavijasumu", yaani dawa za antibiotiki. Maneno hayo yalitufaa, na bado yanatufaa, tunapofundisha habari za kipindupindu au kifua kikuu. Lakini tukumbuke kwamba neno la Ulaya tunalolifasiri, lililobuniwa Ufaransa mwaka 1878 na daktari mpasuaji Charles-Emmanuel Sédillot, liliundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "dogo" na "uhai". Halina ugonjwa ndani yake. Ugonjwa tumeutia sisi.

Zamani kasoro hiyo haikuonekana sana, kwani vitabu vya tiba vilifundisha kwamba mapafu ya mtu mwenye afya hayana kijiumbe hata mmoja. Hata mradi mkubwa wa Marekani wa kuchunguza vijiumbe wa mwili wa binadamu, ulioanza mwaka 2007, haukuyaweka mapafu katika orodha yake ya awali. Mwaka 2010 watafiti wa London na wenzao walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba njia za hewa za watu wazima nazo zina bakteria wake. Kwa wagonjwa wa pumu na wa kubanika kwa njia za hewa, bakteria wa jamii ya Haemophilus walionekana kwa wingi zaidi; kwa wenye afya walizidi wale wa jamii ya Prevotella. Kwa upande wa utumbo, imefahamika kwamba bakteria huchachusha nyuzinyuzi za vyakula na kutoa asidi fupi za mafuta ambazo huingia katika damu na kuugusa mfumo wa kinga hata mbali na tumbo. Mwaka 2014 ilithibitishwa kwamba panya waliolishwa nyuzinyuzi nyingi walipata uvimbe hafifu zaidi wa mzio katika njia zao za hewa.

Kwa hiyo linalozungumzwa hapa ni jamii, na afya hutegemea jinsi wanajamii wanavyokaa pamoja. Istilahi inayowahukumu wote kuwa maadui haiwezi kulibeba wazo hilo. Wala "mimea ya utumbo", tuliyoikuta mahali pengine katika tafsiri hiyo, haitusaidii: msomaji atadhani ni mchicha alioula jana.

Kosa la pili ni la kitenzi. Palipostahili kuandikwa kwamba mabadiliko ya vijiumbe "yanahusiana" na ugonjwa, mfasiri aliandika "husababisha". Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba vijiumbe katika choo cha wagonjwa hutofautiana na wale wa watu wenye afya. Kutofautiana si kusababisha. Huenda ugonjwa, dawa au chakula cha mgonjwa ndicho kilichowabadilisha vijiumbe hao. Mfasiri hana ruhusa ya kujua zaidi ya mwandishi anayemfasiri.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo limo katika jina la ugonjwa wenyewe: "ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa". Sugu ni ngozi iliyokakamaa, kisha ni mtu asiyesikia la mkubwa. Na leo twasema "usugu" kwa bakteria wasiokufa kwa dawa. Nako kuziba ni jambo la bomba, na bomba lililoziba huzibuliwa. Tumfikirie mama aliyepikia kuni miaka thelathini akiukohoa moshi wake. Anaposoma jina hilo huelewa kwamba dawa alizopewa zimeshindwa na kwamba kuna kitu cha kuzibuliwa. Basi huenda dukani kutafuta antibiotiki kali zaidi. Daktari huweza kuagiza dawa hizo bakteria wanapouchochea ugonjwa. Lakini zikinywewa ovyo huwaua hata vijiumbe wenye manufaa na kuzalisha usugu wa kweli. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na moshi wa tumbaku na wa majikoni ni miongoni mwa vyanzo vyake vikuu. Jina lake halipaswi kumpoteza mgonjwa njia.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, "vijiumbe" liwe neno la jumla, likipatanishwa kama viumbe hai: vijiumbe wanaishi, vijiumbe wa mapafu. Pili, "vijiumbe maradhi" litengwe kwa wale waletao ugonjwa tu. Tatu, mkusanyiko wao mahali pamoja uitwe "jamii ya vijiumbe". Nne, "sugu" liachiwe ukinzani wa dawa, na ugonjwa usiokoma uitwe "wa kudumu". Tano, tuseme "ugonjwa wa kudumu wa kubanika njia za hewa", tukiutenga na pumu, ambayo hubana na kuachia.

Hatudai kwamba mapendekezo haya ni kauli ya mwisho. Walimu watayapima darasani, wafasiri katika kazi zao, na watumishi wa afya mbele ya wagonjwa. Anayeona neno lifaalo zaidi na atuandikie, ili lijadiliwe kabla ya kusanifiwa.