Gamba Halivuliwi kwa Amri

Euphrase Kezilahabi alipotoa riwaya ya Gamba la Nyoka mwaka 1979, mamilioni ya wakulima wa Tanzania walikuwa wamekwisha kuhamishiwa vijijini. Mchumi alihesabu mavuno, bwana shamba akapima ardhi; lakini ni nani aliyemwuliza mzee sababu ya kusita kuliacha kaburi la babaye? Uzito wa riwaya hii umo katika maswali ya namna hiyo. Kwa maoni yangu, mwandishi haidharau elimu, wala hausifu ukaidi. Aonya tu kwamba nadharia isiyowajua watu huzaa uadui penye nia ya undugu. Sisi watumishi wa serikali tuisome kwa unyenyekevu: nyoka hujivua gamba mwenyewe, wakati wake ukifika.