Kishale cha Tatu

Ubao wa vishale unaotundikwa jukwaani Frankfurt, kitovu chake mita 1.73 kutoka sakafuni, ni mkonge. Nyuzi huchanwa na kukusanywa kuwa kamba nene, kamba hukatwa vipande vifupi, na vipande hivyo hushindiliwa pamoja ndani ya mkanda wa chuma, ncha za nyuzi zikimwelekea mrushaji. Kishale hakitoboi kitu. Hujipenyeza kati ya nyuzi, na kikichomolewa nyuzi hurudiana. Mkonge wa Afrika Mashariki ndio unaosifika kwa kazi hii, na mmea wenyewe ulitufikia kwa njia ya Ujerumani: miche 62 iliyosalimika baada ya kupitia Hamburg mwaka 1893 ndiyo iliyoanzisha mashamba ya Tanga.

Mbele ya ubao huo, mita 2.37, Kombe la Dunia la Vishale huchezwa na watu wawili kwa kila nchi. Katika kila raundi, kila upande huanza na alama 501 na kuzipunguza kwa vishale vitatu kila zamu hadi sifuri. Kishale cha kumalizia lazima kiingie kwenye dabo, pete ya nje inayozidisha namba mara mbili na yenye upana wa milimita 8 tu, au kwenye kitovu chenyewe cha ubao.

Mtazame anayerusha. Mguu wa mbele anauweka pale pale alipouweka mara iliyopita, uzito mwingi wa mwili ukiuegemea. Kishale cha tangsteni, gramu 20 na ushei, amekishika kwa ncha za vidole, wala hakukibana. Bega halitikisiki. Kiwiko kinakunjuka, kiganja kinafuata, na mkono unabaki umenyooka kuelekea ubaoni hata baada ya kishale kutua. Kisha cha pili, mwendo ule ule. Anayecheza peke yake hurejea baada ya mpinzani mmoja. Hapa atasubiri watu watatu warushe kabla zamu haijamrudia, na mkono usipoe.

Lakini ufundi wenyewe uko kwenye kishale cha tatu. Tuseme zimebaki 52 na mkononi kimesalia kimoja. Kumaliza hawezi, kwa hiyo anamwandalia mwenzake. Akipiga 12 anamwachia 40, yaani dabo ya 20. Akipiga 20 anamwachia 32, dabo ya 16. Wengi huipenda 32 kwa kuwa inasamehe: ukikosa dabo ukaangukia 16 ya kawaida, inabaki 16, yaani dabo ya 8; ukikosea hivyo tena, dabo ya 4, na kuendelea hadi dabo ya 1. Ile 40 hugawanyika mara mbili tu kabla ya kukuachia 5, namba witiri isiyo na dabo. Hata hivyo wapo mabingwa ambao mkono wao umezoea sehemu ya juu ya ubao, nao 20 ndiyo nyumbani kwao. Mrushaji anapaswa kujua mwenzake ni wa wapi, kisha alenge. Na ajihadhari: kati ya 12 na 20 pamekaa 5. Kishale kikiteleza humo, mwenzake anapokea 47 na kazi inaanza upya.

Tangu 2023 mechi zote za Kombe hili ni za wawili wawili. Zamani zilikuwamo pia za mmoja mmoja, na nchi yenye nyota mmoja mkali iliweza kujikokota kwa mgongo wake. Nadhani mabadiliko yale yaliutendea haki mchezo. Juni 2025 Daryl Gurney na Josh Rock waliipa Ireland ya Kaskazini Kombe hilo kwa mara ya kwanza, wakiifunga Wales ya Gerwyn Price na Jonny Clayton 10-9, raundi 19 zikiamuliwa na ya mwisho. Ukiipata video ya fainali hiyo, waachie wengine kelele za 180, alama za juu kabisa kwa zamu moja. Alama zilizobaki zikishuka chini ya 100, angalia macho ya mrushaji kabla ya kishale cha tatu, halafu hesabu kilichobaki kabla mtangaza alama hajakitaja.