"Usawa", "Ubora" na "Bure": Uhakiki wa Maneno ya Matibabu

Katika Azimio la Arusha, lililotangazwa mwezi wa Februari 1967, imo sehemu fupi ihusuyo hospitali. Hoja yake ni nyepesi kufahamika: hospitali kubwa zimo mijini, nazo zawafaa watu wachache, lakini zikijengwa kwa mikopo ya nchi za nje, mikopo hiyo hulipwa kwa mazao ya wakulima. Kwa ufasaha wa maelezo, sehemu hii yastahili sifa. Haitumii istilahi ngumu. Yamtaja mlipaji na mtumiaji, nayo hoja yajitosheleza. Hata hivyo, iko kasoro moja ipasayo kutazamwa. Yauliza hospitali iko wapi, na nani huilipia. Haiulizi mgonjwa atibiwa vipi akisha kuingia ndani.

Kasoro hii haikutokana na waandishi peke yao. Kwa sehemu yatokana na maneno yenyewe. Neno "sawa" lina maana mbili: kulingana, na kuwa jambo lifaalo. Kwa hiyo asemaye "usawa wa matibabu" hudhani amekwisha kusema haki yote, ijapokuwa zahanati mbili zaweza kuwa sawa kwa kukosa dawa. Neno "bora", kwa upande wake, aghalabu hufuatwa na "kuliko". Ubora hutaka kitu kingine kilicho chini yake ili uonekane. Maneno haya mawili yakiwekwa pamoja huwa kama mahasimu, na msikilizaji hudhani hana budi kuchagua moja.

Lenye hatari zaidi ni neno "bure". Kitu cha bure ni kisicholipiwa. Lakini ahangaikaye bure ni yule ambaye juhudi yake haikuzaa kitu, na afaye bure ni afaye pasipo sababu. Hivyo, kwa neno moja, matibabu yasiyo na malipo yakaribiana na matibabu yasiyo na faida. Methali isemayo kwamba rahisi huvunja upishi yaunga mkono shaka hiyo.

Historia ya Tanzania yaonyesha kuwa jambo hili si la wanalugha tu. Baada ya Azimio, zahanati na vituo vya afya vilienezwa vijijini. Mwaka 1977 sheria ilikataza hospitali za binafsi za kutafuta faida. Mwaka 1991 katazo hilo likaondolewa, na kuanzia 1993 malipo yakaanza kutozwa kwa awamu katika hospitali za serikali. Yupo awezaye kudai kuwa watu walichoka na usawa, wakataka ubora. Lakini uchunguzi uliofanywa vijijini umeonyesha kuwa wagonjwa wengi huipita zahanati iliyo karibu, wakaenda mbali na kulipa zaidi, ili wapimwe vizuri. Mkulima afanyaye hivyo hakatai usawa. Akataa kupewa kilicho dhaifu kwa jina la usawa. Naye jirani yake asiye na nauli hubaki pale pale. Ubora utafutwao kwa nauli huishia kuwa mali ya wenye nauli, na lile lililolaumiwa mwaka 1967 hurudi kwa njia nyingine.

Lugha inalo neno lifaalo zaidi, nalo ni "insafu", yaani kumpa kila mtu kwa kadiri ya haki yake. Katika insafu ubora si hasimu wa usawa; ni sehemu ya kipimo chenyewe, kwa sababu haki ya mgonjwa ni kutibiwa ipasavyo, wala si kufunguliwa mlango tu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 yabeba katika jina lake maneno "kwa wote". Maneno hayo yaeleza nani atapata. Hayaelezi atapata nini. Kadhalika, waandishi wa matangazo ya afya wangefanya vema kutumia "bila malipo" mahali pa "bure", maana hilo halina maana ya pili.

Ni kweli kwamba neno jema haliweki dawa rafuni. Lakini watu wasiokuwa na neno la kudai vyote viwili kwa pamoja ni rahisi kuridhishwa kwa kimoja.